Mkanda Mweupe Uliofunga Gunia la Viazi

Gunia la viazi lilinifikia kutoka Gilgil likiwa limefungwa mdomo kwa mkanda wangu wa karate. Mwanamke wa ofisi ya mizigo hapa Nakuru alitaka kuangalia ndani kama kuna kilichooza, akasema, "Madam, hii kamba yenu ni ngumu, wacha nikate," na kisu kilikuwa tayari mkononi. Nilimkemea kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu darasa la nane. Foleni nzima iligeuka. Nililibeba gunia hivyo hivyo hadi nyumbani, nikaliweka sakafuni jikoni na kukaa mbele yake kama mtu aliyetembelewa na mgeni asiyemtarajia.

Mama hatupi kitu. Kwake kila kitu kina kazi ya pili, na mkanda ambao miaka yote haukukatika ni kamba nzuri ya viazi. Niliinama nikanusa. Kwanza ilikuja harufu ya udongo wa kwetu, ule mwepesi unaopeperuka hata bila upepo, kisha ya leleshwa, kile kichaka cha majani yenye harufu kali, iliyokuwa imenaswa kwenye nyuzi za gunia. Chini ya hizo zote, hafifu lakini isiyofichika, ilikuwepo harufu ya bluu. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka bluu ya kufulia nguo nyeupe, ile tuliyoifunga kwenye kipande cha kitambaa tukaitumbukiza kwenye beseni hadi maji yakawa rangi ya mbingu ya Januari. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine wana maziwa, wengine wana mkate. Mimi nina bluu.

Sisi tulikuwa watu wa vilemba. Kanisa letu lilikuwa la mabati, juu ya kilima kidogo nyuma ya stesheni, na mtu hakuingia humo na viatu. Tulivua mlangoni, tukainama, tukaingia kwa miguu mitupu, wote tumevaa nyeupe, wakubwa kwa watoto, vichwa vimefungwa vitambaa vyeupe vilivyozungushwa mara nyingi hadi visionyeshe unywele hata mmoja. Kilemba changu nilifungwa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sikukijua kichwa changu bila hicho kitambaa zaidi ya saa ya kuoga. Shuleni waliniita Kabeji. Hawakuniita kwa ubaya sana, ila jina likishakaa kwenye kichwa cha mtoto halina haja ya ubaya ili liume.

Nilikuwa darasa la nne wakati mama aliponituma Jumamosi moja asubuhi nikachote maji kwenye tangi la shule, kwa sababu bomba letu lilikuwa limekauka. Nikiwa na mtungi wangu nilipita kando ya chumba cha darasa la saba, nikasimama. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa safu, visigino vimeelekea ukutani: raba, gamboti, akala, na jozi ya viatu vya ngozi vinavyong'aa. Ndani madawati yalikuwa yamesukumwa pembeni, na watoto kama ishirini walisimama wamevaa nyeupe, miguu mitupu. Kila aliyeingia alisimama kizingitini akainama. Mbele alikuwa mwanamume mrefu, naye amevaa nyeupe kuanzia shingoni hadi vifundoni. Kulikuwa na ukimya ule ule wa kanisani kabla ngoma haijalia.

Nilijua ni kanisa. Sikuwa na shaka hata punje. Katika dunia yote niliyoifahamu, watu waliovaa nyeupe, wakavua viatu mlangoni na kuinama, walikuwa watu wetu. Kilichonishangaza ni kwamba waumini wenyewe walikuwa watoto ninaosoma nao, wale wale walioniita Kabeji, na vichwa vyao vilikuwa wazi. Nikawahurumia. Nikadhani kanisa lao ni jipya, bado halijapata vitambaa.

Niliweka mtungi chini, nikavua ndara, nikainama. Nilitembea moja kwa moja hadi mbele, nikapiga magoti kwenye saruji baridi, nikafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti kama nilivyofundishwa. Niliomba mvua. Niliwataja wagonjwa. Nilimtaja baba, aliyekuwa fundi wa malori kule Mai Mahiu na kuja nyumbani Jumapili pekee, na ng'ombe wetu mwenye kwato mbovu. Nilikuwa kwenye ng'ombe niliposikia kicheko kikianza nyuma, kimoja, kisha vitatu, kisha chumba kizima.

"Nani anacheka?" ilisema sauti ya yule mwanamume. Kicheko kilikatika ghafla. Nikasikia nyayo zake zikija hadi mbele yangu. "Umemaliza?"

"Sijasema amina."

"Maliza basi."

"Amina."

"Sawa. Enda simama laini ya nyuma."

Huyo alikuwa Afande. Alikuwa amestaafu jeshini, akabaki Gilgil kwa sababu, kama alivyosema, hakujua kwingine pa kuamkia. Alitufundisha tumwite Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani, lakini mji mzima ulimwita Afande, nasi tukamwita hivyo, naye akachoka kutusahihisha.

Walipoanza kurusha ngumi hewani na kupiga kelele kwa pamoja, hata hapo sikushtuka. Kanisani kwetu Roho akishuka watu huruka, hutetemeka, hupaza sauti. Niliona tu kwamba Roho wa hawa hushuka kwa mpangilio, akihesabiwa moja hadi kumi, na nikaupenda mpangilio huo. Nilirudi nyumbani nimechelewa, mtungi mtupu.

"Ulikuwa wapi?" mama aliuliza.

"Nimepata kanisa la watoto pale shule."

Alinitazama. "Wanavaa nini?"

"Nyeupe."

"Na viatu?"

"Wanavua mlangoni."

"Bwana asifiwe," mama akasema, akachukua mtungi akaenda kuchota mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyohudhuria karate wiki tatu kwa baraka za nyumbani. Niliivalia gauni langu la kanisani na kaptura ya michezo ndani. Wiki ya nne Afande alitupanga wawili wawili. Mimi nilipewa Chebet, mtoto wa meja, mwenye vile viatu vya ngozi. Tuliinamiana, na kabla sijainuka vizuri akanipiga ngumi ya tumbo.

"Mbona unanipiga kanisani?" nikamwuliza, machozi yakinilenga.

"Kanisa gani?" Chebet alikodoa macho. "We Kabeji, hii ni karate!" Kisha akageukia wengine. "Jameni, Kabeji amekuwa akidhani tuko church!"

Ningeweza kuondoka siku ile. Mlango ulikuwa wazi na ndara zangu zilikuwa pale. Nakumbuka vizuri joto lililopanda kutoka tumboni hadi masikioni, chini ya kitambaa, na nakumbuka kwamba halikuwa aibu, ingawa kwa muda mrefu nililiita aibu kwa kukosa jina lingine. Nilikunja ngumi kama Afande alivyotuonyesha, kidole gumba nje, nikamrudishia Chebet ya kwake. Akakaa chini kwa makalio. Afande akasema, "Moja-moja. Endeleeni."

Nyumbani sikusema lolote. Lakini mama, kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, aliamua kuja kuwasalimia watumishi waliokuwa wakinilea kiroho. Jumamosi iliyofuata alitokea mlangoni na kiondo cha viazi, amevaa nyeupe yote, kilemba chake kimefungwa cha siku kuu. Alivua viatu. Aliinama. Akaingia hatua tatu na kuinua mkono kubariki, na papo hapo mimi, nikiwa nimempa mgongo, nikampiga Chebet teke la ubavuni na kupiga ukelele ambao hata Afande alikuwa ameusifu.

Mkono wa mama ulibaki hewani. Akina mama waliokuwa wameketi kwenye benchi la ukutani wakifuma sweta waliacha kufuma.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "hii ni ibada ya aina gani?"

"Si ibada, mathe. Ni karate."

"Na huyu wangu amekuwa akifanya nini hapa?"

"Karate, mathe." Afande akafikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya. "Ile siku ya kwanza aliomba."

Mama Chebet alicheka hadi mpira wake wa uzi ukabingirika sakafuni. Mama hakucheka. "Chukua ndara zako," aliniambia.

"Ngoja tumalize, mathe," Afande akasema, kwa heshima lakini bila kusogea. "Hapa hakuna mtu hutoka kabla ya deki."

Mama angekataa jambo lolote lingine. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akipiga deki kanisani kila Ijumaa, na hakujua namna ya kumwondoa mtoto kwenye deki. Alisimama na kiondo chake akitazama. Tulichukua matambara, tukayalowesha, tukainama wote kwa safu moja, mikono chini, makalio juu, tukakimbia tukisukuma tambara kutoka ukuta hadi ukuta. Mtoto wa meja, mtoto wa mwenye duka la mbolea, mtoto wa mwuza mitumba, Kabeji. Tambara la Chebet lilipita pale pale niliposimama mimi. Maji yaligeuka meusi kwenye ndoo moja.

Tulishika njia ya nyumbani. Tulipokaribia reli ndipo aliponena.

"Yule ni mtoto wa meja?"

"Eeh. Chebet."

"Na alikuwa anapanguza hapo ulikanyaga wewe?"

"Kila mtu hupanguza, mama."

Tulivuka reli. Tulipita kioski cha chai. Niliona taya lake likisogea kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Mama alikuwa amefua nguo za nyumba za barracks, kambi ya jeshi, miaka mitatu kabla mgongo haujamkataza, na alikuwa akiingilia mlango wa nyuma.

"Suruali sitashona," alisema hatimaye. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametaja suruali, nikajua nimeruhusiwa.

Alinishonea koti refu la kitambaa cha kanisani lililofika magotini, na chini yake kitu chenye miguu miwili mipana ambacho hadi leo anakiita sketi. Mkanda aliushona kwa tabaka sita, akaupitisha cherehani hadi sindano ikavunjika. Kisha akaufua, na akaendelea kuufua kila wiki kwa bluu. Afande alimweleza kwamba mkanda wa karate haufuliwi, kwamba jasho lake ndilo historia ya mtu. "Uchafu si cheo," mama alimjibu. Kwa hiyo, wakati mikanda ya wenzangu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wangu ulimeremeta hata ukamfanya Chebet afunge jicho moja akijifanya amepofushwa.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Afande alitangaza mtihani wa mkanda wa manjano. Alituita na wazazi wetu, akasimama mbele akiwa amefumbata mikono nyuma, mtindo wa jeshini.

"Mtahini anatoka Nakuru. Ni mtu wa sheria, hana mchezo. Kucha zikatwe. Kichwani hakuna kitu. Kofia, shanga, bandana..." Hapo alinitazama, kisha akamtazama mama. "Kitambaa. Nimemwandikia kumwomba. Amekataa."

Wazazi wote walimgeukia mama. Mama alisema, "Tumesikia, mwalimu," basi.

Wiki hiyo nzima nilimngojea aseme. Nilimngojea akikamua, nikamngojea akimenya viazi. Kama angesema vua, ningevua na kumlaumu maisha yangu yote. Kama angesema usivue, ningebaki nacho na kumlaumu vile vile. Hakusema. Ijumaa alikaa kwenye cherehani muda mrefu, na nilipomkaribia aliweka mkono juu ya alichokuwa akishona. Nilidhani ananifichia machozi.

Siku ya mtihani kulikuwa na baridi ile ya Gilgil inayoingia kwenye vifundo. Mtahini alikuwa mfupi, mpole, na mkanda wake mweusi ulikuwa umechakaa hadi nyuzi nyeupe zikaonekana. Aliketi nyuma ya dawati moja na karatasi zake. Benchi lilijaa akina mama. Kama kawaida yake mama alikaa mwisho kabisa, kiondo mapajani.

Tuliitwa mmoja mmoja. Chebet alifanya vizuri. Jina langu lilipotajwa nilienda mbele, nikainama. Mtahini alinitazama, akaweka kalamu chini.

"Toa hiyo kitu kwa kichwa."

Nilimtazama mama. Hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinamia kiondo chake, mkono mmoja ndani, na nikaelewa, kwa uelewa wa mtoto unaokosea kwa uhakika mkubwa, kwamba anakusanya vitu vyake ili aondoke, kwamba ananionea haya, kwamba nimebaki peke yangu.

"Haitoki," nikasema.

"Si umeambiwa sheria?"

"Nimeambiwa."

"Basi toa. Ni dakika mbili tu, utairudisha."

"Haitoki."

"Umezaliwa nayo?" Mtu mmoja alicheka.

"Sijazaliwa nayo," nikasema. "Lakini wewe hukuniwekea."

Hata sasa ninapowasimulia wanafunzi wangu wa uandishi kisa hiki, huwa wanataka niseme kwamba ilikuwa imani. Haikuwa imani. Nilikuwa na miaka kumi, na Mungu alikuwa mbali sana nami asubuhi ile. Kilikuwa kitu kidogo kuliko imani na kigumu zaidi: walikuwa wamekicheka hicho kitambaa kwa miaka minne, na sasa walikitaka mezani, kana kwamba kucheka kulikuwa kumewapa hati ya kukimiliki.

Mtahini alihema. "Kaa chini, basi. Anayefuata."

Sikukaa. Nilitoka katikati ya chumba, kwa sababu pale palikuwa pa mtahini, nikaenda pembeni mbele ya benchi la akina mama, ambapo hapakuwa pa mtu. Niliinama. Nikaanza kata, yale mapigo na vizuizi ishirini na moja ambavyo mtu hufanya peke yake dhidi ya adui asiyeonekana. Nilifanya la kwanza kimya. Nilipofika la pili nikasikia sauti ya Afande kutoka ng'ambo ya chumba, sauti ya uwanja wa gwaride.

"Mbili!"

Alikuwa amesimama wima, macho mbele, hamtazami mtahini wala mimi. "Tatu!" Nikapiga. "Nne!" Nikageuka, koti la mama likapiga hewa kama shuka kwenye kamba. Hakuhesabu kwa Kijapani alivyotufundisha. Alihesabu kwa Kiswahili, hata akina mama wakaweza kufuata, na kufikia kumi nilisikia sauti ya pili chini ya yake, kisha ya tatu. Mama Chebet alikuwa akihesabu. Kwenye ishirini na moja nilipiga ukelele uliofanya njiwa watoke chini ya mabati.

Mtahini hakuandika kitu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu hupenda kulisahau. Hakutabasamu, hakubadili nia, hakuniita baadaye kando. Watoto kumi na wanane walifungwa mikanda ya manjano siku ile na mimi sikufungwa.

"Pole, Kabeji," Chebet aliniambia mlangoni, akipapasa wake mpya.

"Pole ya nini?" nikasema. "Jumamosi uko?"

"Niko."

"Basi utaona."

Aliona. Nilirudi Jumamosi hiyo na nyingine zote. Kwa kuwa tulijipanga kwa rangi, nilisimama laini ya nyuma pamoja na wageni, mwaka baada ya mwaka, watoto wa darasa la pili wakinifika kiunoni. Mtahini alikuja kila mwisho wa mwaka. Alinikuta pale pale, nikiwa nimerefuka. "Bado?" aliniuliza. "Bado," nilimjibu. Wenzangu walipita manjano, machungwa, kijani. Nilipigana nao wote, na wengi wao niliwakalisha. Wazazi wapya walipoleta watoto, Mama Chebet aliwaelekeza kutoka kwenye benchi bila kuinua macho kutoka kwenye sweta yake: "Mkanda wa huyo wa nyuma usiwadanganye."

Miaka mingi baadaye, tukichambua maharagwe, nilimwuliza mama kwa nini alitaka kuondoka siku ile. Alishangaa. Akaniambia kilichokuwa kwenye kiondo. Ilikuwa kofia ndogo, ya kubana, nyeupe, yenye lastiki, aliyoishona ile Ijumaa. Alikuwa ameamua kwamba kama kilemba kitatoka, atakimbia aniwekee hiyo, na ugomvi na wazee wa kanisa ataubeba mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeshaishika.

"Halafu ukasema haitoki," mama akasema. "Nikaiachilia. Nikaona haya kwamba mimi ndiye nilikuja na kofia."

Kilemba nilikivua nikiwa na miaka ishirini na mbili, mbele ya kioo cha chumba cha kupanga, mchana, bila mtu kuniambia. Nilienda Gilgil na kichwa wazi nikamwonyesha mama kabla hajasikia kwa wengine. Nilimwona akitafuta la kusema, akaliona, akaliacha, akatafuta lingine.

"Nani amekuambia utoe?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, mama."

"Haya," akasema, akanisogezea kiti. "Chai iko."

Jana nilimpigia simu kumshukuru kwa viazi. "Lakini mama, umefunga gunia na mkanda wangu."

"Sasa ningefunga na nini? Hiyo haikatiki." Kisha akaongeza, "Niliufua kwanza."

Niliufungua polepole. Fundo lilikuwa lile lile la Afande, bapa, ncha mbili sawa, ambalo mama hakuwahi kufundishwa ila alilitazama miaka mitano kutoka mwisho wa benchi. Nilivua viatu. Nilijifunga mkanda juu ya nguo ya nyumbani, hapo jikoni, katikati ya viazi vilivyobingirika, nywele zangu wazi. Nikainama, ingawa hapakuwa na mtu.

Kisha nikahesabu kwa sauti, hadi ishirini na moja, na jirani akagonga ukuta, na sikunyamaza.